"Anacheza Tu"? Hilo "Tu" Liondoeni

*1.*
Wazazi wenzangu wa Mabibo na kote mnakonisoma, leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na neno moja dogo: "tu".

"Nesi, mtoto hajambo, ila kutulia hataki, anacheza tu." "Mama fulani hana kazi yule, kutwa anacheza tu na mtoto." "Chekechea gani ile? Hawasomeshi, wanacheza tu."

Nalisikia kliniki, nalisikia kwenye daladala, nalisikia uani watu wakifua. Nimechoka nalo. Nitaandika kwa vipande ili usome huku unanyonyesha au maharage yanachemka. Ukimaliza, kama bado unalitaka hilo "tu", baki nalo. Ila nisikilize kwanza.

*2.*
Ukileta mtoto mgonjwa, sisi wauguzi tuna maswali yetu. Ananyonya? Anatapika kila anachokula? Amepata degedege? Amelegea? Halafu kuna lile ambalo akina mama wengi hudhani ni maongezi ya kupoteza muda: "Anacheza?"

Si maongezi, mama. Hapo nampima. Mtoto mwenye homa anayevuta kitambulisho changu ni tofauti kabisa na mwenye homa anayelala begani macho yakiangalia ukuta. Anayelia hadi jengo linatikisika hanitishi sana. Anayenitisha ni aliyenyamaza, amelegea, hamtazami mtu. Huyo hapangi foleni, huyo anapita mbele yenu wote, na tafadhali msinune akipita.

Na mtoto aliyelazwa, siku anapookota boksi tupu la dawa, akalisukuma kitandani na kutia "vuuum" kwa mdomo, wodi nzima inafurahi. Bado tunampima joto, bado anamaliza dawa, lakini tumeshaona anarudi.

Sasa nielezeni. Kile ambacho hospitali tunakisubiri kama dalili ya uzima, kikifika nyumbani kinageukaje kuwa upuuzi?

*3.*
Nendeni mbele zaidi, kwenye wodi ya watoto wenye utapiamlo mkali. Shirika la Afya Duniani lina hatua 10 za kumtibu mtoto huyo. Ya kwanza ni kuzuia na kutibu sukari kushuka. Ya pili ni kumkinga na baridi. Zinafuata maji, chumvichumvi, maambukizi, vitamini na madini, maziwa kwa uangalifu, kisha kumlisha mpaka arudishe mwili. Unajua ya tisa ni nini? Kumchangamsha na kumpa upendo. Mwongozo unataka hata mchezo uliopangwa, dakika 15 hadi 30 kila siku, na vitu vya kuchezea vya kutengeneza wenyewe: kopo lenye vitu vya kulia ndani, mwanasesere wa nguo kuukuu, vyombo vya kupanga kimoja juu ya kingine.

Yaani mtoto aliyekaribia kufa kwa njaa anapangiwa maziwa, dawa na mchezo. Hakuna daktari aliyeandika "mchezo, kama muda upo".

*4.*
Mtasema hayo ni ya hospitali. Haya, twendeni Jamaika, mjini Kingston, katikati ya miaka ya 1980. Watafiti waliwachukua watoto 129 wa familia maskini, wa miezi 9 hadi 24, waliodumaa kimo. Kwa baadhi yao, mhudumu wa afya wa kawaida kabisa alifika nyumbani mara moja kwa wiki, saa moja, kwa miaka miwili. Alikuja na vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mikono na kumwonyesha mama namna ya kucheza na kuongea na mwanawe. Basi.

Miaka 20 baadaye waliwatafuta wakiwa watu wazima. Waliochezewa walikuwa wanapata kipato kikubwa kwa takriban asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa.

Sijaleta habari hii ili ucheze na mtoto huku unahesabu mshahara wake wa mwaka 2046. Cheza naye kwa sababu anacheka, na kicheko chake peke yake kinatosha. Nimeileta kwa yule shangazi anayesema mchezo haumpeleki mtoto popote.

*5.*
Kwa wanaopenda sheria: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 8, inataja mambo ambayo mtoto ana haki ya kuyapata kwa mzazi au mlezi wake. Chakula. Malazi. Mavazi. Matibabu pamoja na chanjo. Elimu na mwongozo. Uhuru. Na kucheza na kupumzika. Yote kwenye orodha moja, hakuna lililowekwa pembeni kama zawadi ya Krismasi au Idi.

Na Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa watoto wa miaka 0 hadi 8. Ndani yake mna afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Malezi yenye mwitikio maana yake mtoto akisema "ba", wewe unamjibu "ba". Usidhani ni jambo dogo.

*6.*
Sasa simu. Najua hapa wengine mtanipita haraka, lakini ngojeni.

"Mwanangu mtulivu sana, nikimpa simu simsikii mpaka jioni." Mama, mimi nimeshakwambia mtoto asiyesikika ananitia wasiwasi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema hivi: chini ya miaka 2, kumkalisha mbele ya skrini hakushauriwi. Kuanzia miaka 2 hadi 4, isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Na huyo wa mwaka 1 hadi 4 anatakiwa kutumia mwili wake si chini ya dakika 180 kwa siku. Saa tatu nzima za kukimbia, kupanda, kuruka, kuburuta viti!

Sikulaumu kwa dakika 10 za katuni ili ukaange samaki bila mtoto miguuni. Ninachopinga ni kuliita kosa lile la kuburuta kiti, na kuita malezi lile la kuganda.

*7.*
"Nesi, hela ya midoli iko wapi?" Nani kataja midoli?

Mabibo hii tunayo Mahakama ya Ndizi. Majani makavu ya migomba na kamba zake vimefunga mipira ya watoto wa nchi hii tangu zamani. Kopo, waya na vizibo vinne vya soda ni gari. Boksi la tambi ni nyumba, kesho ni basi la mwendokasi, keshokutwa ni jeneza la kuku wa jirani, na mazishi yatafanyika kwa heshima zote. Soksi iliyobaki moja ni bibi kizee mkali anayekataza watu kulala bila kunawa miguu.

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora hapahapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, hakuwa na vifaa vya wasanii wakubwa. Alichukua vipande vya hadibodi na rangi za baiskeli, akachora ndege na wanyama kama alivyowaona yeye. Alifariki mwaka 1972, na leo mtindo huo unajulikana duniani kwa jina lake. Hadibodi na rangi ya baiskeli! Halafu wewe unamnyang'anya mtoto kipande cha mkaa kwa sababu amechora twiga sakafuni. Sakafu inadekiwa, mama. Dekini wote wawili, hata kudeki ni mchezo.

Ila hapa navaa sare yangu. Aliye chini ya miaka 3 asipewe gololi, karanga, shanga, vizibo vilivyolegea, wala betri ndogo za duara. Hizo zikimezwa ni kukimbia hospitali saa hiyohiyo. Mifuko ya nailoni iwe mbali. Ndoo ya maji isiachwe wazi, mtoto anazama kwenye maji ya kina kidogo sana. Jiko la mkaa liwe na mpaka wake. Mchezo unataka jicho la mtu mzima, hautaki mkono wake uliojaa fimbo.

*8.*
"Muda sina." Hili nalipa heshima, kwa sababu ni kweli. Unaamka saa 10 alfajiri, unachoma vitumbua, unarudi jioni mgongo umekatika. Sikuongezei kazi juu ya kazi.

Ninachokuomba ni kuingiza utani kwenye kazi ileile. Ukimwogesha, tafuta sikio lililopotea. Ukikunja nguo, yeye atafute soksi mbilimbili. Ukimenya viazi, tegeaneni vitendawili, na si lazima viwe vya bibi, tungeni vyenu. Hiki changu: akiondoka nyumba nzima inapiga kelele, akirudi nyumba nzima inapiga kelele. Umeshampata? Umeme.

Na baba yupo wapi? Nawe kaka unayesoma kwa kuchungulia simu ya mkeo: kumrusha mtoto begani na kuwa punda dakika tano hakukupunguzii uanaume. Mtoto hajui kama wewe ni fundi au bosi, anajua kama unalia vizuri kama punda.

Kuhusu nafasi, nakubali, hapa kuna uchungu. Vyumba ni vya kupanga, ua mmoja kaya sita, nje bodaboda zinapita kama zimefukuzwa. Tulioweza kucheza rede na kombolela mpaka tuitwe kuoga, watoto wetu hawana pale tuliposimama. Basi tusimlaumu mtoto kwa kelele za uani kana kwamba ana uwanja mwingine amekataa kwenda. Pangeni zamu, mama mmoja akae nao saa moja, kesho mwingine. Na kwenye mkutano wa mtaa, baada ya taka na mitaro, mtu anyooshe mkono aulize: watoto wetu wanacheza wapi? Swali hilo liingie kwenye kumbukumbu za kikao.

*9.*
Neno kwa wanaotafuta chekechea. Mtoto wa miaka mitatu anayerudi na madaftari mawili ya kazi za nyumbani si kwamba amekuwa hodari mapema. Vidole vyake bado vinajifunza kushika. Kufinyanga udongo, kurusha mdako, kufunga na kufungua vifuniko ndiko kunakomwandaa ashike penseli. Anayegombania zamu kwenye kuruka kamba anajifunza kusubiri, kuhesabu na kushindwa bila kuzimia. Ukienda kukagua shule usiulize tu "wanajua kusoma?" Uliza wanacheza saa ngapi, na wapi. Ukikuta uwanja hakuna na ratiba haina mapumziko, ada yako irudi mfukoni.

*10.*
Mwisho, nakuja kwako wewe mwenyewe, mama. Kwa sababu wanaomwambia mtoto "unacheza tu" ndio haohao wanaokuambia "mwanamke mzima, acha mambo ya kitoto".

Ni nani aliyesema ukizaa unakabidhi furaha zako pamoja na kadi ya kliniki? Ulikuwa unasuka mitindo ya kubuni. Ulikuwa unachagua khanga kwa jina lake, unaisoma mara mbili, unacheka ukijua ni nani utampitia nayo mlangoni. Ulikuwa unaimba. Rudi. Panda rehani kwenye kopo la rangi. Kata chapati umbo la samaki siku moja, uone nyumba itakavyokuwa. Imba wimbo wa kipuuzi wenye jina la mtoto wako na jina la mboga ya leo. Hiyo si anasa ya wenye nafasi, ni chumvi ya siku ngumu, na aliye na siku ngumu ndiye anayeihitaji zaidi.

Lakini nisikilize vizuri hapa. Kama umejifungua na kila kitu kimekosa ladha, unalia bila sababu, hulali hata mtoto akilala, humtaki mtoto au unawaza kujidhuru, hapo sikwambii ukakate chapati umbo la samaki. Njoo kliniki, njoo leo, sema kwa mdomo wako. Ni ugonjwa, una matibabu, na hakuna wa kukucheka. Nasi tukikuhudumia tutakuwa tunasubiri lilelile tunalosubiri kwa mwanao: siku utakapocheka tena.

Kazi ya wiki hii ni dakika 15 kwa siku, simu kabatini, wewe na mtoto sakafuni. Yeye ndiye achague mchezo. Akikuambia wewe ni mbuzi, kuwa mbuzi. Jirani akichungulia na kuuliza mnafanya nini, mjibu kwa sauti, neno moja bila kuongeza "tu":

"Tunacheza."