Misimu ya Kiingereza ina sheria kali

Wasomi wetu wengi huamini kwamba misimu ya Kiingereza, yaani maneno ya mtaani, ni lugha ya wavivu: haina sheria, kila mtu husema apendavyo, na maana hubadilikabadilika kwa kuwa hakuna anayejali. Imani hiyo haina msingi. Maana za maneno haya hutofautiana kati ya nchi na nchi kwa sababu kila jamii inayatunza kwa kanuni zake, tena kanuni hizo ni kali kuliko nyingi tunazosahihishiwa kwa wino mwekundu.

Tutazame neno "pissed". Mtu wa London akilitumia peke yake, amelewa. Mmarekani akisema vivyo hivyo, amekasirika. Hapo hakuna vurugu hata kidogo. Mwingereza naye akitaka kusema amekasirika huongeza "off" mwishoni, wala hasahau, maana bila kijineno hicho atakuwa ametangaza ulevi wake mwenyewe. Kuna na "bloody", neno la ukali ambalo Waingereza hulichomeka hata katikati ya neno jingine. Husema "abso-bloody-lutely", hutasikia "ab-bloody-solutely". Kinachochomekwa hukaa kabla ya silabi yenye mkazo mkuu, na mwaka 1982 mwanaisimu John McCarthy aliandika makala nzima kuchambua uchomekaji wa namna hiyo. Mchuuzi wa sokoni hakufundishwa jambo hilo darasani, na halikosei.

Hata ukali wa neno hupimwa kwa mizani ya mahali. "Bloody" lilipotamkwa jukwaani London mwaka 1914, katika tamthilia ya Pygmalion ya George Bernard Shaw, lilizua gumzo kubwa. Mwaka 2006 Waaustralia, ambao kwao neno hilo halimshtui mtu, walilitia kwenye tangazo la kuwakaribisha watalii. Uingereza tangazo likazuiwa kwa muda kwenye televisheni.

Watasema: kama sheria zipo, mbona maneno yenyewe hayadumu? Mengine hufa, ni kweli, lakini mengine huhamia kwenye lugha ya heshima. Mwaka 1710 Jonathan Swift alilalamika katika jarida la The Tatler kuhusu maneno kama "mob" na "banter", akiyaona uchafu wa lugha. Leo "mob" linaandikwa katika magazeti makubwa bila mtu kugutuka. Swift alikuwa mwandishi hodari kweli kweli, ila kesi hiyo aliishindwa. Mara nyingi kinacholitenga neno la mtaani na neno sanifu ni cheo cha wanaolisema.

Hoja nzito zaidi ni ya walimu: mwanafunzi wetu anahitaji Kiingereza cha mtihani na cha barua ya kazi, haya mengine ya nini? Barua ya kazi kweli si mahali pake. Lakini kujua neno lisipofaa ni sehemu ya kulijua neno lenyewe. Kijana aliyeambiwa kwamba misimu haina kanuni ataokota neno kwenye filamu ya Marekani na kulitamka mbele ya mkubwa wake, akidhani amesema la kawaida. Walimu, msiyafute ubaoni tu maneno haya. Waelezeni wanafunzi ni ya nani, husemwa wapi, na mbele ya nani hayasemwi.