MICHEZO YA WATOTO: TULIPE ADA, LAKINI TUPEWE HESABU



Jambo tunalotaka kulinena hapa laweza kuonekana dogo likiwekwa mbele ya mishahara na uhamisho, walakini limo nyumbani mwa kila mmoja wetu mwenye watoto. Ni habari ya vyama vya mpira vya vijana, vinavyowachukua watoto wetu wa Msamvu kila jioni na kila Jumamosi. Je, vyama hivi vina faida kwa jamaa zetu, au ni njia nyingine tu ya kumaliza mshahara kabla ya tarehe 15?

Wako wenzetu wasemao kwamba mchezo ni upuuzi, na mtoto wa karani hana budi kukaa na kitabu. Wako wengine wasemao kwamba mguu wa kijana wao ndio utakaowajengea nyumba. Sisi twasema pande zote mbili zimepotea, na ule wa pili umepotea zaidi, maana huo ndio utoao fedha.

Tuanze na wale wa kwanza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yataja mambo ambayo mzazi ana wajibu wa kumpa mtoto wake: chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, na katika orodha hiyo hiyo yataja mchezo na mapumziko. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mashauri yake ya mwaka 2020, lasema mtoto wa miaka 5 hata 17 autumikishe mwili wake kwa nguvu kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Tena tukumbuke mahali tunapokaa. Msamvu ni njia panda. Magari ya Dar es Salaam, ya Dodoma na ya Iringa hukutana hapa mchana na usiku. Mtoto akikosa shughuli saa kumi ya jioni, stendi haikosi kumpa shughuli. Basi asemaye kwamba uwanja ni hasara, na atuonyeshe mahali pengine palipo pema zaidi kwa saa ile.

Sasa tuje kwa wale wa pili. Ukiwauliza sababu ya matumaini yao, hukujibu kwa jina moja: Mbwana Samatta. Ni kweli, kijana huyo alitoka Mbagala, akapita Simba, akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, kisha Genk ya Ubelgiji mwaka 2016. Na Februari 2020, akiwa na Aston Villa, alikuwa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga bao katika Ligi Kuu ya Uingereza. Twamheshimu sana. Lakini mbona sote twataja jina lile lile? Jina likirudiwa mno, ni dalili kwamba majina ni machache.

Tufanye hesabu, maana ndiyo kazi yetu. Ligi Kuu ya Tanzania Bara, msimu wa 2023/24, ilikuwa na timu 16. Hata tukikadiria wachezaji 30 kwa kila timu, jumla ni nafasi 480, na katika hizo wageni nao wana sehemu yao. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu zaidi ya milioni 59 katika Bara peke yake. Mkoa wetu wenyewe umewahi kutoa mabingwa wa nchi, Mtibwa Sugar ya Turiani, mwaka 1999 na mwaka 2000. Hata hivyo, hatujaona mitaa yetu ikijengwa kwa fedha za mpira.

Tena kuna jambo ambalo wazazi wengi hawakuambiwa. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji akiuzwa kabla ya mkataba wake kwisha na kuvuka mpaka wa nchi, 5 kwa 100 ya bei yake hugawanywa kwa vyama vilivyomlea tangu miaka 12 hata 23. Ni vyama vinavyopewa, si mama aliyekopa fedha za njumu. Na kanuni hizo hizo zakataza kumhamisha mchezaji kwenda nchi nyingine kabla ya kutimiza miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Basi mtu akija barazani pako na kusema atampeleka Ulaya mwanao wa miaka 14 kwa malipo, mtoe nje pasipo kumpa hata maji.

Lakini aibu iliyo kubwa ni yetu wenyewe. Mchana kutwa ofisini twakataa hati isiyo na sahihi na twarudisha fomu iliyokosa tarehe. Ikifika jioni, sisi hao hao twatoa ada ya mwezi, fedha za jezi na nauli ya safari, pasipo kudai stakabadhi! Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na ipoteapo, nani hulipa? Aghalabu ni dada yake. Njumu za kijana hutoka katika fedha za sare ya binti. Kaka yuko uwanjani, na yeye yuko nyumbani anafua jezi. Nao wasichana wa Tanzania wenye umri chini ya miaka 17 walifika robo fainali ya Kombe la Dunia kule India mwaka 2022! Basi nani alituambia kwamba uwanja ni wa wana wa kiume peke yao?

Shauri letu ni hili. Kila mzazi ajiulize: kama ningejua kwa hakika kwamba mtoto huyu hatapata hata senti moja kwa mpira, je, ningelipa ada hii? Akijibu naam, kwa kuwa mtoto anapata afya, anajifunza kuwahi, kutii filimbi, na kushindwa bila matusi, basi na alipe kwa furaha. Akijibu la, ajue kwamba halei mtoto. Anacheza bahati nasibu, na tikiti yake ni mwanawe. Hata Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, mbio zake zilipokwisha alijenga shule.

Kwa hiyo twaomba Wanachama wadai mambo manne kwa kila chama kinachopokea fedha zao. Kwanza, stakabadhi kwa kila shilingi, na hesabu isomwe mbele ya wazazi kila miezi mitatu. Pili, mazoezi yasigongane na masomo. Tatu, mtoto asisafiri nje ya Morogoro pasipo barua yenye jina la mkuu wa safari, mahali pa kulala na siku ya kurudi. Wala asitie sahihi katika karatasi yoyote ambayo mzazi hakuisoma. Nne, wasichana wapewe nafasi sawa na wavulana.

Nasi tusidai tu. Mwaka 1922 kule Tanga, Martin Kayamba na wenzake walipounda chama cha watumishi Waafrika wa serikali, silaha yao ilikuwa kalamu. Kalamu hiyo tunayo. Kila chama cha watoto na kipewe karani mmoja miongoni mwetu, akishikie daftari bila ujira, saa mbili kwa juma.

Wako viongozi watakaonuna. Chama chema hakitachukia kuulizwa. Na kile kitakachochukia, tutakuwa tumekwisha kukijua kabla ya kukipa ada ya mwezi ujao.