Saratani Huvuka Mpaka Kimyakimya
Askari wenzetu mlioko Gisenyi, mwaijua kazi ya kulinda mpaka wa Goma. Saratani nayo huvuka mipaka. Juu ya utando wa seli zake mna vimeng'enya. Kimoja, kilichotambuliwa na wataalamu wa Japani mwaka 1994, hukata nyuzi za kolajeni zilizo uzio wa tishu, na seli hupenya hata zikaingia damuni. Dawa za kuvizuia zilizojaribiwa miaka ya 1990 hazikuleta matokeo yaliyotumainiwa. Ndiyo maana hatukubaliani na askari afichaye uvimbe kwa kuwa hauumi, akiuita ukimya huo ukakamavu. Humpa adui muda wa kukata uzio. Hospitali ya kijeshi iliyoko Kanombe, Kigali, ilianza kutibu saratani kwa mionzi mwaka 2019. Mwenye uvimbe usioisha na amwone daktari juma hili, asingoje likizo.