Hati ya Nikahi ya Mjane wa Askari

Sikanushi kwamba Sheria ya Kenya ya Wanajeshi Wastaafu ya mwaka 2022 ina heri ndani yake, wala kwamba Uingereza, mwaka 2018, iliahidi takriban pauni milioni 12 ili askari wakongwe wa Jumuiya ya Madola na wajane wao wapate walau milo miwili kwa siku. Lakini ajuza aliye jirani yangu hapa Garissa, ambaye marehemu mumewe alivaa sare ya KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Uingereza, na kurejea kutoka Burma akichechemea, hajapata kuonja hata senti ya fadhila hizo, kwa sababu kila afisi anakokwenda hudaiwa hati ya ndoa, ilhali nikahi yake ilifungwa malishoni, mbele ya shehe na mashahidi wawili ambao wote wamekwisha kufariki.

Riziki yake ni shilingi 2,000 za mpango wa serikali wa Inua Jamii kwa mwezi, nazo huja zipendapo. Mjukuu wake ndiye amwogeshaye na kumgeuza kitandani, na kwa ajili hiyo ameacha biashara yake ya maziwa ya ngamia sokoni; kazi hiyo ya uuguzi (nasi huiita wajibu, tukadhani tumeilipa!) haina fungu katika daftari lolote.

Ama kuhusu hati ya ndoa, kadhi tunaye hapa hapa mjini. Je, ni muhali gani kwa wakuu wa pensheni kuukubali uthibitisho wake wa nikahi, wakawatuma makarani hadi Hulugho na Ijara, badala ya kuwangoja vikongwe Nairobi?