Punda Kimya si Punda Mzima

Februari 2024, viongozi wa Umoja wa Afrika walikutana Addis Ababa wakakubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya biashara ya ngozi. Wakenya wanajua vyema kilichowafikisha hapo. Tangu 2016 hadi serikali ilipoingilia kati mwaka 2020, vichinjio vyenye leseni vilichinja punda wengi kuliko waliozaliwa, ngozi zikasafirishwa Uchina kutengenezewa dawa ya ejiao, na wezi wakawa wanaingia mazizini usiku. Marufuku hiyo ni ya haki na inastahili kulindwa. Hata hivyo, punda aliyeponea kisu bado hajaponea tumbo lililofunga, kwato zilizooza wala kidonda kilicho chini ya shogi. Magonjwa haya mengi huzuilika, na karibu yote hutoa ishara mapema. Tatizo ni kwamba tumezoea kuuchukua ukimya wa punda kuwa ndio uzima wake, kwa hiyo daktari wa mifugo huitwa mnyama akiwa tayari amelala chini. Mtu wa kwanza kuokoa maisha ya punda ni yule anayemfunga matandiko asubuhi, na ndiye ambaye serikali za kaunti zinapaswa kumfundisha kabla ya mwingine yeyote.

Farasi akiumwa tumbo hujitangaza. Hugaagaa, hutokwa jasho, hukwaruza ardhi kwa ukwato na kugeuka kila mara kuutazama ubavu wake. Punda mwenye maumivu yaleyale husimama tu. Kichwa kimeshuka kidogo, masikio yamelegea, mdomo unasogezwa kwenye majani lakini hautafuni. Mababu wa punda waliishi kwenye nchi kame za kaskazini mashariki mwa Afrika, ambako mnyama aliyeonyesha udhaifu alijiitia simba na fisi, na tabia hiyo ya kuficha maumivu imebaki kwenye damu. Punda akifikia kugaagaa, ugonjwa umeshakwenda mbali. Anaweza pia kupoteza maji mengi mwilini na akaendelea kuvuta mkokoteni, jambo linalomfanya mwenye mali aamini kwamba hana kiu. Hatari kubwa zaidi ni hii: punda anapoacha kula kwa sababu yoyote ile, mwili wake huanza kuyayeyusha mafuta uliyoyahifadhi na kuyamwaga kwenye damu kwa wingi kupita uwezo wa ini. Ini likishindwa, na figo zikafuata, kumrudisha ni kazi ngumu sana. Punda wanene na majike wenye mimba ndio walio karibu zaidi na balaa hili. Ndiyo maana maneno “hajala tangu jana”, ambayo kwa mbuzi yangeweza kusubiri kidogo, kwa punda ni dharura.

Hivyo basi, kuujua ugonjwa wa punda huanza na kuijua afya yake. Punda mzima aliyepumzika huwa na joto la mwili la takriban nyuzi 37, huvuta pumzi kama mara 20 kwa dakika, na moyo wake hupiga kama mara 44. Takwimu za farasi ni tofauti, kwa hiyo mwongozo ulioandikiwa farasi unaweza kumpotosha mwenye punda. Fizi zake huwa na rangi ya waridi na unyevunyevu. Ukizibonyeza kwa kidole zikawa nyeupe, damu hurudi ndani ya sekunde mbili. Ukiweka sikio ubavuni utasikia tumbo likinguruma, na ukimya ndani yake ni habari mbaya. Kinyesi chake ni vitonge vilivyoshikana, wala si vikavu kama mawe. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji shahada, na isipokuwa kipimajoto, hakuna linalohitaji pesa. Linalohitajika ni kuangalia kila siku, mnyama akiwa mzima, ili siku atakapobadilika jicho liushtukie utofauti.

Ukiyajua hayo, ishara nyingine husomeka kwa urahisi. Punda anayedondosha matonge ya majani yaliyotafunwa nusu huenda ana meno yenye ncha kali, kwa kuwa meno yake huendelea kuchomoza maisha yote na kulika bila usawa. Chakula kisichosagwa vizuri humzibia utumbo baadaye. Kwenye miji ambako punda huachwa wajitafutie riziki kwenye majalala, utumbo huzibwa na mifuko ya plastiki na vipande vya kamba, na kwa kuwa punda na farasi hawawezi kutapika, kilichoingia vibaya hakina njia ya kurudi. Anayehamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, na kwato zake zina joto, anaumwa ndani ya ukwato, na kumlazimisha atembee ni kumvunja. Ukwato wa punda hunyonya maji kuliko wa farasi, hivyo akisimama kwenye matope na mavi huoza upesi. Usafishwe kila siku na uchongwe na fundi kila baada ya wiki sita hadi kumi. Kidonda kidogo cha kamba au msumari kinaweza kuleta pepopunda, ugonjwa wenye chanjo. Punda aliyeumwa na mbwa kisha akabadilika tabia asiguswe mdomoni hata kidogo, maana kichaa cha mbwa humwambukiza hata binadamu. Tunasema shukrani ya punda ni mateke, lakini anayepiga teke kila anapofungwa mkanda mara nyingi ana jeraha palepale mkanda unapokaa. Kabla ya kumchapa, funua matandiko utazame.

Wapo watakaosema kwamba hamali anayepata hela ya kula leo tu hawezi kuambiwa habari za chanjo na fundi wa kwato. Hoja hii ina uzito, na anayeitoa hasemi uongo kuhusu maisha ya watu hao. Hata hivyo, ugonjwa wa punda tayari unamgharimu mtu huyohuyo, na unamgharimu kwa mkupuo asioweza kuumudu: siku mnyama amekufa, maji hayabebwi, mchanga haufiki kwa fundi, karo hailipwi. Kuweka kitambaa safi chini ya shogi, kumpa maji kabla na baada ya kazi, na kumpumzisha anayechechemea ni mambo yaliyo ndani ya uwezo wake leo. Chanjo na dawa za minyoo ndizo zinazozidi uwezo wa wengi, na hapo ndipo fedha za umma zinapostahili kuingia.

Pingamizi la pili hutoka kwa wataalamu wenyewe, nami nalichukulia kwa uzito zaidi. Wanahofia kwamba mtu akifundishwa ugonjwa atajifanya daktari, akanunue sindano dukani na kudunga kwa kukisia. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini wanaofanya hivyo leo wanafanya bila mafunzo. Kuna wanaopaka vidonda mafuta machafu ya injini, ambayo huunguza nyama na kuchelewesha kupona, na wanaommiminia mgonjwa mafuta ya kupikia kinywani, yakaishia kwenye mapafu. Mafunzo mazuri humwonyesha mtu pia mahali pa kusimama. Kutambua ni kazi ya mwenye punda, kutibu ni ya daktari, na wa pili hawezi kufanya kazi yake kama wa kwanza amechelewa siku tatu.

Wengine huuliza kwa nini tuhangaike wakati bodaboda zimejaa kila mahali. Waende Lamu, kwenye vichochoro ambavyo gari haliingii, waone mawe ya kujengea yanabebwa na nani. Au waende maeneo kame ambako kina mama hufuata maji mbali. Lamu hiyohiyo inathibitisha kwamba jambo hili linawezekana: tangu 1987 ina kliniki ya punda inayotibu bila malipo, na mashindano ya punda waliotunzwa vizuri yamewafanya vijana waone fahari katika kazi ambayo kwingineko hudharauliwa. Kwa Katiba ya 2010 huduma za mifugo ziko mikononi mwa kaunti, lakini maafisa hutumwa zaidi kwa ng'ombe na mbuzi kwa kuwa hao huliwa na kukamuliwa. Kila kaunti yenye punda itenge siku za chanjo za pepopunda na kichaa cha mbwa kwenye vituo vya mikokoteni na visima vyenyewe, na mafunzo yatolewe hapohapo, mnyama akiwepo. Mwenye punda aondoke akijua namba ya simu ya afisa wa mifugo, na mambo ya kumwambia atakapoipiga: alikula mara ya mwisho lini, amekunywa kiasi gani, kinyesi kikoje, fizi zina rangi gani, joto ni nyuzi ngapi.