CHETI CHA AFYA KILIPIWE NA MWENYE LESENI

Ndugu wafanyakazi wa hoteli na mikahawa,

Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya ni ya tangu mwaka 1921, nasi hatuipingi. Mpishi na mhudumu lazima wapimwe, na cheti chao hudumu miezi 6 tu. Tangu Katiba ya 2010, leseni za biashara na ukaguzi wa mahali pa vyakula ni kazi ya kaunti.

Lakini nani hulipa? Leseni ni ya tajiri, nayo faida ni yake. Gharama ya kupimwa mara nyingi hutoka mfukoni mwa mfanyakazi, mara 2 kila mwaka. Bwana Afya akikuta cheti kimekwisha, mfanyakazi ndiye wa kwanza kutetemeka.

Hii si haki. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamkataza mwajiri kukata mshahara kwa mambo ya usalama aliyoagizwa na sheria hiyo. Twataka cheti cha afya nacho kifuate njia hiyo: kaunti isitoe leseni mpaka mwajiri aonyeshe risiti kwamba amewalipia watu wake.

Tena anayeonekana mgonjwa asifukuzwe. Sheria ya Ajira ya 2007 yampa aliyefanya kazi miezi 2 siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 kwa nusu mshahara. Mwenye kuogopa kufukuzwa huficha homa ya matumbo, na mlaji ndiye huumia.

Ndugu, waulizeni wajumbe wenu wa kaunti jambo hili. Afya ni ya watu wote; mzigo wake usiachiwe mwenye mshahara mdogo.