TWENDE PAMOJA, TUFIKE PAMOJA



Kila mmoja wetu amepata kuliona jambo hili. Mwenzetu amefariki, na siku ya kumpeleka nyumbani wenye pikipiki hukusanyika thelathini au arobaini wakalifuata gari la maiti. Nia yao ni njema: ni heshima ya mwisho kwa mfanyi kazi mwenzao. Lakini mara honi zalia, huyu ampita yule, mwingine aingia upande wa magari yajayo, na mwingine amebeba watu watatu. Mwatoka kuzika mmoja, na pengine mwarudi na msiba mwingine.

Chama hakipingi watu kwenda pamoja. Kwenda pamoja ndio msingi wa chama chenyewe. Tunachopinga ni mashindano. Barabara ni ya watu wote: mtoto wa shule, mama mwenye kikapu, dereva wa lori. Si uwanja wa mbio. Tena sheria haiutambui msafara wetu. Taa nyekundu ni nyekundu kwa wa kwanza na kwa wa ishirini. Kila pikipiki ni abiria mmoja tu, na kofia ngumu na koti la kumeta ni kwa wote wawili.

Basi yafaa tufanye hivi. Kabla ya kuondoka, tazameni tairi, breki, taa na petroli. Aliyekunywa pombe asipande. Mkiwa wengi, jigaweni vikundi vya watu watano au sita, ili motokaa zipate nafasi ya kupita. Wekeni kiongozi mbele na mtu mzoefu nyuma kabisa. Asiyezoea akae karibu na kiongozi, na mwendo uwe wake yeye.

Msiende sambamba. Wa kwanza akae upande wa kulia wa njia yenu, wa pili nyuma yake upande wa kushoto, na kuendelea hivyo. Kwenye kona na njia nyembamba, fuateni mstari mmoja. Acheni nafasi ya sekunde mbili kwa aliye mbele yako. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, pikipiki hula karibu mita 14 kila sekunde. Nafasi hiyo ni kama mita 28. Kulipita lori, kila mtu aangalie kwa macho yake mwenyewe. Kwenye njia panda mngojeane, asiwepo wa kukimbia ili asiachwe.

Pengine mtu atasema, "Mimi nimeendesha miaka kumi, sifundishwi." Sawa, ndugu. Lakini yule kijana nyuma yako hana miaka kumi. Yeye akufuata wewe, na ukikimbia atakimbia kupita uwezo wake.

Tukumbuke pia kwamba sheria ya mwaka 2007 ya fidia ya walioumia kazini humlinda aliyeajiriwa. Anayejiajiri kwa pikipiki yake haimfikii. Akivunjika mguu, mshahara hakuna, mkopo wa pikipiki wangoja, na watoto wataka karo.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Heshima ya marehemu si kelele za honi. Ni sisi sote kufika kaburini, na sisi sote kurudi nyumbani.

Umoja ni nguvu, hata barabarani.